Stesheni Nyuma ya Waheshimiwa

Kamwene nyote mlioko Kihesa, Ipogolo, Ilula, Mafinga, na ninyi wa Makambako ambao sauti yetu bado inawafikia ingawa ramani imekwisha kuwahamisha.

Nimewataja watu wa Makambako makusudi. Mji huu wa Iringa hauna reli na haujapata kuwa nayo. Enzi za mkoloni, na hata miaka kadhaa baada ya Uhuru, shirika la reli lilituhudumia kwa mabasi na malori yaliyotuunganisha na reli ya kati kule Dodoma, kwa hiyo babu zetu walisafiri na reli yenye matairi ya mpira. Lakini Mkoa wa Iringa ulikuwa na stesheni yake kubwa ya treni, ile ya Makambako, tangu reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, ilipojengwa mpaka mwaka 2012, Njombe ilipofanywa mkoa. Stesheni haikusogea hata hatua moja. Mpaka ndio uliohama ukaiacha ng'ambo.

Jioni hii nataka tuzungumze habari ya kuijenga stesheni hiyo upya kwa kadibodi, gundi na rangi, ikae juu ya meza, na treni ndogo ipite mbele yake. Najua wapo watakaosema, mzee wa redio leo kaishiwa. Subirini kidogo. Katika kujiandaa kwa kazi hiyo ya meza nimegundua kwamba swali dogo kabisa, yaani stesheni ile ilikuwa na sura gani, ni gumu kulijibu kuliko maswali makubwa tunayojibu kila siku kwenye sherehe na makongamano.

Nianze na mchezo wenyewe. Hakuna mtoto aliyekulia nchi hii asiyejua gari la waya. Unatafuta waya, makopo, vifuniko vya chupa, kandambili zilizochakaa za kukata magurudumu, na jioni una lori lenye usukani mrefu. Na watoto wa miaka yangu hawakutengeneza lori hivihivi tu. Walitengeneza Scania au Leyland, na aliyekosea pua ya gari alichekwa. Huo ndio mchezo ninaouzungumzia, isipokuwa wenzetu wa Ulaya, Marekani na Japani wameukuza ukawa shughuli ya watu wazima wenye mvi, wenye vyama vyao na vipimo vyao. Wanajenga mji mzima na reli yake kwa kipimo maalumu. Kinachotumiwa zaidi ni 1 kwa 87: mita 87 za kweli zinakuwa mita moja ya mezani. Mlango wa mita mbili unakuwa milimita 23, urefu wa njiti ya kiberiti iliyokatwa nusu hivi.

Hapo ndipo TAZARA inapoanza kuchekesha. Reli yake ina upana wa milimita 1,067 kati ya chuma na chuma, kwa sababu ilipaswa kuungana na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli ya kati aliyoianza Mjerumani ina milimita 1,000. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini kwa sababu yake behewa la Kigoma haliwezi kwenda Mbeya, na Kidatu mizigo ikabidi ihamishwe kutoka treni moja hadi nyingine. Sasa igawanye tofauti hiyo kwa 87. Haifiki milimita moja! Mezani pangu reli ya Nyerere na Kaunda na reli ya Mjerumani zinatumia vyuma vilevile, vile vya milimita 12 vinavyouzwa madukani huko nje. Na ile mpya ya SGR ya milimita 1,435 inaangukia kwenye milimita 16 na nusu, ambazo ndizo reli za mchezo zinazopatikana kila mahali. Wanasiasa wa Afrika Mashariki wangekuwa na meza, wangesuluhisha mengi.

Ila meza ina taabu zake. Kutoka Mlimba hadi Makambako, mahali ambapo reli inapanda kutoka bonde la Kilombero kuja huku kwenye baridi, ni kilomita 157 zenye madaraja 46 na mahandaki 18. Kwa kipimo cha 1 kwa 87 hiyo ni meza ya karibu kilomita moja na mita mia nane. Daraja la mto Mpanga, ambalo nguzo zake zinafikia mita 50, lingenifika juu ya goti. Hakuna sebule ya namna hiyo Iringa. Ndiyo maana mtu mwenye akili hujenga stesheni moja, akaiachia treni itoke nyuma ya pazia na kurudi nyuma ya pazia.

Sasa, stesheni moja. Ya lini?

Hili ndilo swali ambalo mtu akilikwepa kazi yote inaharibika. Sisi husema "Makambako ya zamani" kana kwamba zamani ni siku moja. Tuangalie tarehe. Mkataba kati ya China, Tanzania na Zambia ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970. Agosti 1973 vyuma vilivuka mpaka pale Tunduma, kwa hiyo Makambako ilikwisha kuona treni za ujenzi kabla ya hapo: mabehewa ya kokoto, mataruma ya zege, mahema, vumbi. Katikati ya 1975 vyuma vilifika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam. Makabidhiano rasmi yakafanyika Julai 1976. Basi Makambako ya 1973 ni kambi ya ujenzi, ya 1976 ni stesheni mpya inayonukia rangi, na ya 1985 ni stesheni iliyokwisha kuzoea watu, yenye miti iliyorefuka na mama lishe nje ya geti.

Na vichwa vya treni vilibadilika pia. Vya kwanza vilikuwa vya Kichina, vya aina za DFH1 na DFH2, ambavyo nguvu ya dizeli ilifika kwenye magurudumu kupitia mafuta na gia badala ya umeme. Milima yetu ilivitesa. Kuanzia 1983 vikaja vichwa vya U20C vilivyoundwa na Krupp wa Ujerumani, vya dizeli na umeme. Ukiweka kichwa cha Krupp mbele ya stesheni ya 1976, mstaafu yeyote wa TAZARA atakayepita karibu na meza yako atatikisa kichwa kabla hajakaa. Mimi nimechagua 1976, mwezi wa Agosti, wiki chache baada ya makabidhiano, wakati wa kiangazi majani yakiwa yamekauka. Mwezi pia una umuhimu wake. Mtu anayetaka Makambako ya Februari atafute rangi nyingi za kijani.

Haya, mwaka tunao. Tunapata wapi sura?

Mtu wa kwanza kumfuata ni mpiga picha wa serikali. Idara ya Habari, MAELEZO, ilipiga picha nyingi sana za TAZARA. Magazeti ya Uhuru na Daily News yalichapisha. Magazeti ya picha ya Wachina yaliisifu reli kurasa kwa kurasa. Hata stempu zilitolewa: Oktoba 1976, posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa stempu nne za reli, ya senti 50 ikiwa ya reli ya Tanzania na Zambia. Pembeni yake ya shilingi mbili ilionyesha stesheni ya Nakuru. Yaani Nakuru ilipata stempu kwa jengo lake, sisi tukapata kwa treni.

Huo ndio ugonjwa wa picha rasmi zote. Zitazame kwa macho ya mtu anayetaka kujua dirisha liko wapi. Mbele kabisa wamesimama waheshimiwa. Mwalimu yupo, Kaunda ana kitambaa chake cheupe mkononi, mabalozi, wahandisi wa Kichina wenye suti za vifungo hadi shingoni, wakuu wa mikoa, vijana wa skauti, na utepe. Stesheni imejificha nyuma yao. Unaona pembe ya paa juu ya kofia ya mkuu wa mkoa, nusu ya mlango kati ya mabega mawili, na herufi mbili za mwisho za jina la kituo. Najikuta nawasihi wakubwa wale waliokwisha tangulia mbele ya haki: samahani mzee, naomba usogee kushoto kidogo.

Simlaumu mpiga picha. Alitumwa kupiga historia, na historia siku ile ilivaa suti. Rhodesia ya Ian Smith ilikuwa imejitangazia uhuru wake wa walowezi Novemba 1965, shaba ya Zambia ilihitaji njia ya kwenda baharini, wakubwa wa Magharibi walikuwa wamekataa kutoa fedha, China ikakopesha bila riba. Hayo yote yanajulikana, watoto wanayasoma shuleni. Ninacholalamikia ni kwamba tumehifadhi maneno ya siku ile vizuri kuliko kuta zilizoyasikia. Hotuba zipo kwenye kanda za Radio Tanzania. Rangi ya benchi la abiria haipo popote.

Kwa hiyo kazi inahamia kwenye picha za watu wa kawaida, na kwenye kuzisoma vizuri. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo utamu ulipo.

Chukua picha yoyote iliyopigwa stesheni, hata ya shemeji yako na sanduku lake la bati. Ikiwa reli imeonekana, tayari una rula. Upana wa TAZARA ni milimita 1,067, haubadiliki. Mahali ambapo vyuma viwili vinaelekea mbali na kamera, pima nafasi kati yake kwenye picha kwa mlalo, kisha pima mlango kwa rula hiyohiyo. Ikiwa nafasi ya reli ni milimita 10 na mlango ulio umbali uleule una milimita 20, mlango una mita mbili na sentimita kumi na tatu hivi. Ugumu ni huo umbali: kitu kilicho karibu na kamera hudanganya ukubwa. Mlango ulio mita nane nyuma ya reli utaonekana mfupi kuliko ulivyo. Ndiyo sababu picha iliyopigwa mtu akiwa amesimama katikati ya reli, akiangalia mbali, ni dhahabu: mataruma yanakuja yakipungua kwa mpangilio, na kwa kuyahesabu unajua jengo linaanzia hatua gani na kuishia hatua gani.

Halafu kivuli. Makambako iko karibu nyuzi tisa kusini ya Ikweta. Kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari, jua la saa sita mchana linakuwa upande wa kusini na vivuli vinaangukia kaskazini. Miezi mingine ni kinyume. Sasa reli yenyewe inatoka Mlimba kwa upande wa mashariki inaelekea Mbeya. Ukishajua jengo liko upande gani wa reli, kivuli cha ukingo wa paa ukutani kinakwambia kama ni Desemba au Julai. Ukiona pia kivuli cha mtu aliyesimama wima, una kimo cha jengo: mtu mzima wa kawaida na kivuli chake, jengo na kivuli chake, hesabu ya darasa la saba.

Rangi ni kesi ngumu zaidi. Picha za rangi za miaka ya sabini zilizokaa kwenye albamu huwa nyekundunyekundu, si kwa sababu dunia ilikuwa nyekundu, ni kwa sababu rangi ya samawati iliyomo kwenye karatasi hufifia kwanza hata ikiwa gizani. Mtu asiyejua anaona paa jekundu, anakwenda dukani kununua rangi nyekundu. Dawa yake ni kutafuta kwenye picha hiyohiyo kitu ambacho rangi yake unaijua bila shaka. Bendera ya taifa ni rafiki mkubwa hapa. Kijani chake na bluu yake vimewekwa tangu 1964. Ikiwa bendera kwenye picha imegeuka zambarau, rudisha picha nyuma mpaka bendera ikae sawa, ndipo utazame paa. Siku hizi simu inafanya hivyo kwa kidole.

Na mwaka wenyewe utauhakikishaje, ikiwa nyuma ya picha hakuna kitu? Mavazi. Ukiona bugaluu na viatu vya raizoni, nywele zimefugwa kama mwavuli, uko sabini na ngapi. Basi la KAMATA likionekana nje ya uzio, vizuri. Miti nayo husaidia: mkaratusi uliopandwa siku ya ufunguzi unaongezeka kila mwaka, na ukiwa na picha mbili zenye mti mmoja unajua ipi ni kaka na ipi ni mdogo wake.

Mwalimu mkubwa wa ukaidi wa namna hii ni mtu mmoja aliyeitwa Roye England. Pamoja na jina lake alikuwa Mwaustralia. Alifika Uingereza mwaka 1925 akipenda treni, akatembea katika bonde linaloitwa White Horse, akaona nyumba za wanakijiji zilizoezekwa kwa nyasi zinaanza kuezuliwa na kuwekwa paa za kiwandani. Hakuandika malalamiko gazetini. Alianza kuzipima, nyumba kwa nyumba, akizichora na kuzijenga kwa karatasi na kadibodi kwa kipimo cha 1 kwa 76, pamoja na bustani, maua dirishani na ukoko wa ukuta. Mwaka 1954 kazi hiyo ikapata makao katika kijiji cha Long Wittenham, panapoitwa Pendon, na mpaka leo watu wa kujitolea wanaiendeleza. Wamekwenda mbali kiasi kwamba mtafiti wa nyumba za vijijini za miaka ya 1920 na 1930 anaweza kujifunza kitu kwa kuinama juu ya meza yao. Mchezo ule umekuwa nyaraka.

Sisi hatujafika huko, na sheria haitusaidii sana. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mengine yanasubiri waziri ayatangaze. Kwa hesabu hiyo Makambako imechelewa miaka mia moja na kumi. Hapa mjini jengo la boma la Mjerumani lilikarabatiwa vizuri likafunguliwa kama makumbusho mwaka 2016, nami nimefurahi, napeleka wageni pale. Ila naona tuna mazoea ya kudhani historia ni ya mawe ya Mjerumani, na zege la Mchina ni la juzi. Kijana wa miaka ishirini leo yuko mbali na 1973 karibu sawa na mtu wa 1973 alivyokuwa mbali na mkoloni wa Kijerumani kuondoka.

Tuje kwa wazee. Hapa nina neno kwa vijana wanaokwenda kuhoji wakiwa na simu ya kurekodi. Ukimfuata mstaafu wa reli ukasema, "Shikamoo baba, hivi stesheni ilikuwaje zamani?" atakujibu, "Marahaba mwanangu. Ilikuwa nzuri sana." Na huo ndio mwisho, maana umemuuliza swali la kuombea sifa, naye ni mtu wa adabu, amekupa sifa. Muulize habari ya mwili wake na kazi yake. Mvua ikinyesha mlikuwa mnajibanza wapi, baba? Taa mlikuwa mnaitundika upande gani? Ukitoka ofisini kwenda kumpungia dereva bendera, mlango ulikuwa unausukuma au unauvuta? Mke wako alipokuletea chakula alipitia wapi? Mkono wa mzee utanyanyuka wenyewe, utasukuma mlango usiokuwepo. Hapo ndipo uandike. Miguu inakumbuka ngazi ambazo kichwa kimezisahau.

Na mkute na mwenzake ikiwezekana. Mmoja akisema ngazi zilikuwa tatu, mwenzake atasema, "We! Nne, ile ya chini ilivunjika," na katika kubishana kwao utapata ngazi nne na sababu ya kuwa tatu.

Karatasi za kazi nazo zinaongea. Mwanahistoria wa Kimarekani, Jamie Monson, aliyetoa kitabu chake juu ya reli hii mwaka 2009, alifanya jambo ambalo wengi wasingelifikiria: pamoja na kuzungumza na watu walioijenga na wanaoishi kando yake, alizichambua stakabadhi za vifurushi vilivyosafirishwa kutoka stesheni ndogondogo. Nani alituma nini, kwenda wapi. Yeye alikuwa anatafuta biashara za wanakijiji. Mimi nikisoma kazi yake naona kitu kingine: naona nini kilirundikwa kwenye jukwaa la abiria. Maana stesheni tupu ya mezani ni ya uongo hata kama kuta zake ni sahihi kwa milimita. Stesheni ya nyanda za juu ina magunia, matenga, mikungu ya ndizi, godoro lililofungwa kamba, jogoo kwenye kikapu. Mchele unapanda kutoka Kilombero, viazi na mahindi vinashuka. Ukijua nini kilisafiri mwezi gani, unajua ufinyange magunia mangapi na ya rangi gani.

Ramani nitazipitia harakaharaka, si kwamba ni mbaya. Zile za serikali za 1 kwa 50,000 zinakuonyesha reli inavyopinda na barabara inakutana nayo wapi, lakini jengo la mita 50 ni milimita moja tu ya wino. Setilaiti ya kwanza ya Landsat iliruka 1972, na kila nukta ya picha yake ni karibu mita 80. Utaona kovu la reli ardhini, stesheni hutaiona. Picha za setilaiti za kijasusi za Wamarekani, zilizoanza kufunguliwa kwa umma mwaka 1995, ni kali zaidi, na mtu mvumilivu anaweza kuona paa. Fikiria: waliokuwa wanaipeleleza reli ya Mchina ndio huenda wametuhifadhia idadi ya njia zetu za kupishania treni.

Njia nyingine ni ya ndugu. Wachina hawakubuni kila kituo kidogo upya; majengo mengi ya TAZARA yanafanana sura, kama watoto wa mama mmoja. Picha ya dirisha la Chimala, Rujewa au Igurusi inaweza kukueleza dirisha ambalo waheshimiwa wamekuficha kwingine. Itumie kwa hadhari. Dirisha litafanana, mteremko wa ardhi hautafanana, na stesheni kubwa ya Mbeya yenye ukumbi wake mrefu usiilete kabisa katika mazungumzo ya vituo vya kati. Ile ilijengwa kwa mji mkubwa na kwa wakubwa. Anayeazima sehemu kutoka kwa ndugu aandike kwenye daftari: hiki nimekiona, hiki nimekiazima. Ukishapaka rangi, vyote vinafanana, na baada ya miaka mitano wewe mwenyewe utaapa kwamba uliviona.

Nimesema habari ya daftari kwa sababu wakati umebana. Mwaka 2024 marais wa Tanzania, Zambia na China walishuhudia Beijing hati ya kuifufua TAZARA ikitiwa saini, na mkataba uliofuata mwaka 2025 unataja dola za Marekani bilioni 1.4. Naiombea reli ile kila la heri. Treni ifike kwa saa yake, mizigo ihame barabarani, malori yatupishe pale Kitonga. Lakini kila ukarabati huanza na mtu mwenye ndoo ya rangi na mwingine mwenye nyundo. Tabaka za rangi zilizoko ukutani leo ndizo ushahidi uliobaki. Nyuma ya ubao wa matangazo, chini ya komeo la dirisha, mahali ambapo brashi haikufika vizuri, rangi ya 1976 inaweza kuwa ipo bado, imefunikwa na ndugu zake watatu wanne. Mafundi wa kuhifadhi majengo hukwangua eneo dogo kama ukucha, kwa wembe, tabaka kwa tabaka, wakitazama kwa kioo cha kukuzia. Hiyo si kazi ya kufanya kienyeji. Stesheni ni mali ya reli na eneo la ulinzi. Ukienda na kamera na wembe bila kumwona stesheni masta kwanza utalala pabaya, na utastahili. Andika barua, eleza unachotaka, omba kuongozana na mfanyakazi. Watu wa reli wanaipenda reli yao. Ukiwaeleza kwamba unataka kujenga kituo chao kidogo kiasi cha kubebeka, kwanza watacheka, kisha watakuonyesha mahali ambapo usingefika peke yako.

Vifaa havina shida. Kadibodi ya boksi la sabuni inatosha kuta. Vipande vya msonobari wa Sao Hill vinatoa mihimili. Mchanga wa Mto Ruaha Mdogo, ukiuchekecha kwa chujio la chai, ni kokoto nzuri ya reli. Pale Neema Crafts, hapa mjini, wanatengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo, na nawaambieni, kwa uso wake wenye nyuzinyuzi ile karatasi ikipakwa rangi ya udongo inakuwa uwanja wa kiangazi ambao hata Mzungu wa Pendon angeuuliza.

Sasa zamu yenu. Nyumba nyingi za mikoa hii mitatu, Iringa, Njombe na Mbeya, zina picha iliyopigwa stesheni: baba anakwenda kazini Mpika, dada anaanza shule, bwana harusi anawasubiri wageni. Ukiipata, igeuze nyuma kwanza usome kilichoandikwa, na upande huo nao uupige picha. Ikiwa imegandia kwenye albamu ya plastiki usiibandue, utang'oa uso wa mtu. Ipige ilivyo, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu, simu ikiwa juu yake sawasawa. Waulize wenye umri nani yumo, alikuwa anaondoka au anawasili, na mvua ilikuwa imeanza au bado. Majina yaandike kwa penseli, pembeni kabisa, bila kukandamiza.

Jambo la mwisho ni hili la kukata picha. Vijana mkituma picha za zamani kwenye simu hupenda kuzikata, abaki bibi peke yake, usoni. Kwa kumbukumbu ya bibi ni sawa. Lakini mkinitumia mimi naomba iwe nzima, pamoja na ukuta, nguzo, mbwa na yule mtu asiyejulikana anayepita. Bibi nitampa heshima yake, kisha nitatazama nyuma ya bega lake la kushoto, pale penye dirisha.